Mbwa Asiyebweka

Bila shaka umekwisha sikia mbwa wakibweka usiku. Mpita njia akikaribia, mbwa wa nyumba ya kwanza hubweka, wa nyumba ya pili humwitikia, na punde si punde kijiji kizima hujua kwamba yuko mtu njiani. Kwa watu wengi, kazi ya mbwa ni kubweka. Ukiwa na mbwa asiyebweka, jirani atakuuliza, "Mbwa gani huyo? Si anakula bure?"

Hata hivyo, katikati ya bara la Afrika, katika misitu minene ya bonde la mto Kongo, wako mbwa ambao karibu hawabweki kabisa. Mbwa hao hawali bure. Tangu zamani wamewasaidia watu wa misitu hiyo kupata kitoweo, na kazi hiyo si rahisi. Leo mbwa wa aina hiyo wanajulikana duniani kote kwa jina la basenji. Katika somo hili utajifunza jinsi mwili wa mbwa huyu unavyolingana na kazi yake, jinsi alivyochukuliwa kwenda ng'ambo, na jinsi watu waliompenda sana walivyokaribia kumwangamiza bila ya kukusudia.

Umbo lake

Ukimwona basenji, kwanza utavutwa na mkia wake. Umejikunja kama pete na kulala juu ya kiuno, upande mmoja. Masikio yake ni madogo, nayo husimama wima wakati wote kama ya mnyama anayesikiliza jambo. Ngozi ya paji la uso ina makunyanzi, hata mtoto wa mbwa huyu huonekana kama mzee mwenye mawazo mengi. Manyoya yake ni mafupi na laini. Rangi yake huwa nyekundu ya kahawia, au nyeusi, au ya milia kama ya chui milia, lakini kifua, nyayo na ncha ya mkia huwa nyeupe.

Yeye si mbwa mkubwa. Dume hufikia kimo cha sentimeta 43 hivi mabegani, na uzito wa kilo 11. Jike ni mdogo kidogo, sentimeta 40 na kilo 10. Chukua rula ya mita, uisimamishe sakafuni, kisha utazame mahali penye alama ya 43. Utaona kuwa ni juu kidogo ya goti lako.

Sasa fikiri. Miguu yake ni mirefu kwa kulinganishwa na kiwiliwili, kwa hiyo hukimbia kwa wepesi na kuruka juu ya magogo. Manyoya mafupi hayazuii joto kutoka mwilini. Katika nchi iliyo karibu na ikweta hiyo ni faida kubwa. Mwili mdogo hupenya chini ya vichaka ambapo mbwa mkubwa angekwama. Tena basenji hujilamba mwili mzima kama paka, akabaki safi.

Ziko tofauti nyingine zisizoonekana kwa macho. Majike wa mbwa wengi huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, lakini jike wa basenji kwa kawaida huzaa mara moja tu. Na sauti yake, kama tulivyokwisha sema, si ya kubweka.

Kazi yake msituni

Msitu wa Ituri uko kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miti yake ni mirefu, na majani yake yamefumana juu hata jua halifiki chini ila kwa vijitundu. Mtu aliye katika mbuga za Serengeti huweza kumwona mnyama aliye mbali sana. Mtu aliye Ituri huweza kupitwa na mnyama hatua kumi tu kutoka aliposimama, asimwone. Huko mwindaji hutegemea zaidi masikio, na pua ya mbwa wake.

Wambuti ni watu wa msitu huo. Wengi wao huwinda kwa nyavu zilizosukwa kwa kamba za magome ya mimea itambaayo. Kila jamaa ina wavu wake. Wakifika mahali palipochaguliwa, nyavu zote huunganishwa, zikawa kama ukuta uliopinda mfano wa mwezi mwandamo. Wanaume husimama kimya nyuma ya nyavu. Wanawake na watoto huzunguka upande wa pili, kisha huja wakipiga kelele na kupigapiga vichaka ili wanyama wakimbilie kwenye nyavu. Jirani zao Waefe huwinda zaidi kwa pinde na mishale. Katika uwindaji wa namna hizo mbili, mbwa wana sehemu yao: hunusa, huwafukuza wanyama kutoka vichakani, na kuwaelekeza waliko wawindaji.

Wanyama wanaowindwa kwa kawaida si wakubwa. Ni paa wadogo wa msituni kama vile funo, ni nungu, na hali kadhalika ndezi, yule panya mkubwa wa kwenye matete. Usidhani kuwa ndezi ni mawindo mepesi. Ndezi aliyekomaa huweza kuwa na uzito wa kilo nane au tisa, karibu sawa na mbwa mwenyewe, na meno yake ya mbele ni makali kama patasi. Katika majani marefu basenji huruka juu wima, hutazama huku na huku akiwa hewani, hushuka, kisha huruka tena.

Lakini hapa pana tatizo. Mbwa akiingia kichakani haonekani. Kama ni mbwa wa kawaida, mwenyewe angemfuata kwa kusikia anavyobweka. Huyu habweki! Je, mwindaji atajuaje mbwa wake yuko wapi?

Watu wa misitu ya Kongo wametatua tatizo hilo kwa akili. Humfunga mbwa kengele shingoni. Kengele hiyo huchongwa kwa mti, huwa na tumbo wazi kama kijimtumbwi kilichopinduliwa, na ndani yake huning'inia vijiti vinavyogonga. Mlio wake ni mzito, wala haufanani na wa kengele ya shule. Wakati wa kwenda mawindoni kengele hujazwa majani ili isilie na kuwashtua wanyama mapema. Wakifika, majani huondolewa, na mbwa huachiliwa. Kutoka hapo mwindaji "humwona" mbwa wake kwa masikio: kengele ikilia polepole, mbwa ananusa; ikilia haraka haraka, anafukuza. Kwangu mimi, kengele hii ni kifaa cha sayansi sawasawa na vingine unavyovisoma katika kitabu hiki.

Kwa nini habweki?

Swali hili lina sehemu mbili, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni hii: koo lake lina nini? Ya pili: lilipataje kuwa hivyo?

Weka vidole vyako juu ya koo, kisha sema "aaa". Utahisi mtetemo. Mtetemo huo unatoka katika zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ambamo hewa itokayo mapafuni hutikisa nyuzi za sauti. Mbwa naye ana zoloto. Umbo la zoloto la basenji linatofautiana na la mbwa wengine, kwa hiyo sauti yake hutoka kwa namna nyingine. Basenji si bubu. Hunguruma akikasirika, hulia akiumia, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, nusu wimbo nusu kilio. Mara chache huweza hata kutoa mlio mmoja mfupi kama wa kubweka, akanyamaza. Asichofanya ni kule kubweka mfululizo usiku kucha.

Je, labda hufundishwa kunyamaza? Wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walilichunguza jambo hili katika maabara iliyoko mji wa Bar Harbor. Kwa miaka mingi walilea mbwa wa aina tano, mmojawapo akiwa basenji, wote katika mazingira ya namna moja, wakilishwa na kutunzwa sawa. Walichapa matokeo yao katika kitabu mwaka 1965. Basenji waliokulia pamoja na mbwa wabwekaji walibaki wapole wa sauti. Basi ukimya wao hautokani na mafunzo. Huurithi kutoka kwa wazazi, kama wewe ulivyorithi umbo la pua yako.

Tabia ya kurithiwa huweza kuongezeka katika kundi la wanyama kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uchaguzi wa binadamu. Mkulima huchagua magunzi makubwa ya mahindi kwa ajili ya mbegu, na baada ya misimu mingi shamba lake hubadilika. Wafugaji wa mbwa wamefanya vivyo hivyo. Wajerumani walihitaji mbwa wa kuingia katika mashimo ya mnyama mmoja afananaye na nyegere, wakachagua vizazi kwa vizazi wale wenye miguu mifupi, hata akapatikana dachshund, mbwa mrefu kama benchi. Njia ya pili ni uchaguzi wa mazingira. Mbwa mgonjwa, mzito au mzembe hufa mapema msituni, asiache watoto. Aliye hodari huishi na kuzaa.

Basenji alifanywa na njia zote mbili. Wenyeji wa msitu walimthamini mbwa aliyejua kazi na kumlinda, lakini hawakuwafungia mbwa wao vizimbani wala kuandika orodha za wazazi. Mbwa walitembea kijijini, walipandana wapendavyo, na msitu ukachuja. Kichujio hicho ni kikali. Mbwa wengi hufa wangali wadogo kwa njaa, magonjwa na meno ya chui. Waliobaki wakawa wenye afya ya ajabu. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Asili yake ni ya zamani

Mbwa wote wa kufugwa wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, ambao watu walianza kuwazoesha zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Hao si wale mbwa mwitu wenye madoadoa wa mbuga zetu. Hawa wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa, wala hawazaliani na mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo mbwa hawakuanzia katika misitu ya Kongo. Waliletwa Afrika na watu, na huko Misri walikuwako zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Kutoka kaskazini walienea polepole kuelekea kusini pamoja na wafugaji na wakulima.

Katika makaburi ya Misri ya kale iko michoro ya mbwa wenye masikio wima na mikia iliyojikunja, wamelala chini ya viti vya mabwana wao. Watu wengi husema kuwa hao ndio basenji. Mfanano upo, lakini picha peke yake haithibitishi ukoo. Ushahidi wa nguvu zaidi umetoka maabara. Wataalamu walipolinganisha chembe za urithi za aina nyingi za mbwa, waliona kuwa basenji yumo katika matawi ya zamani kabisa ya ukoo wa mbwa, yaliyojitenga kabla ya aina nyingi za Ulaya kutengenezwa.

Jina walilompa

Sasa litazame jina lenyewe: basenji. Wewe usemaye Kiswahili huenda umekwisha lishtukia. Katika lugha nyingi za Kongo watu huhesabiwa kwa ba- pale ambapo sisi husema wa-. Sisi husema watu, wao husema batu au bato. Basi basenji ni washenzi!

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani yetu ilifika hadi ndani ya Kongo, nayo ikapeleka lugha. Baadhi ya watu wa pwani walikuwa na dharau, wakawaita watu wa bara "washenzi". Wazungu waliokuja kutawala Kongo waliliokota neno hilo wakaendelea kulitumia kwa watu wa vijijini. Mbwa wa vijiji hivyo wakaitwa "mbwa wa basenji". Hatimaye neno la mbele likaanguka, likabaki tusi peke yake, na leo limo katika vitabu vya mbwa duniani kote. Wanaolitamka huko ng'ambo hawajui kuwa ni tusi. Sisi tunajua, na katika somo hili tunalitumia kwa sababu tu ndilo jina linalofahamika.

Safari ya ng'ambo

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa katika maonyesho ya mbwa huko London. Watu waliwastaajabia, lakini muda si muda wakafa kwa distempa. Distempa ni ugonjwa unaoletwa na virusi, nao huwaua mbwa wengi, hasa wachanga. Wengine sita walipelekwa Uingereza kutoka Sudan mwaka 1923. Nao wakafa.

Mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Olivia Burn, aliyekuwa amekaa Kongo, alifaulu baadaye. Mwaka 1937 mbwa wake walionyeshwa London, na umati uliokuja kumtazama mbwa asiyebweka ukawa mkubwa sana. Miaka minne baadaye, mwaka 1941, makuli waliokuwa wakipakua shehena ya kahawa kutoka Afrika Magharibi katika bandari ya Boston, Marekani, waligundua katika tumbo la meli mbwa jike mdogo aliyekonda mno. Alikuwa amevuka bahari akiwa amejificha humo. Walimwita Congo. Alitunzwa akapona, akawa mmoja wa majike wa kwanza wa aina yake huko Marekani.

Mwaka 1959 mfugaji mwingine Mwingereza, Veronica Tudor-Williams, alisafiri hadi kusini mwa Sudan, nchi ambayo leo inaitwa Sudan Kusini, akarudi na jike mwekundu aliyemwita Fula. Vizazi vya Fula vilienea sana Ulaya na Marekani.

Hesabu sasa. Wawili walikufa, sita walikufa, wachache walipona, mmoja aliokotwa melini, mwingine akaletwa baadaye. Maelfu ya basenji wa ng'ambo walitokana na wazazi wachache kiasi hicho. Vyama vya wafugaji viliweka madaftari ya ukoo, na mbwa ambaye wazazi wake hawakuandikwa humo hakukubaliwa. Kwa hiyo mjukuu alipandishwa na binamu yake, na watoto wao wakapandishwa na jamaa zao tena. Tena kule hapakuwa na msitu wa kuchuja. Palikuwa na chakula tele na daktari.

Ugonjwa wa mafigo

Utakumbuka kuwa mafigo huchuja damu. Maji, sukari na chumvi hupita katika vijibomba vyembamba vya figo, na vijibomba hivyo huvirudisha mwilini vitu vinavyofaa. Kinachobaki hutoka kama mkojo. Katika basenji wengi wa ng'ambo vijibomba hivyo vilianza kushindwa kazi mbwa akiwa na umri wa kama miaka minne hadi saba. Sukari na chumvi za mwili zilipotea katika mkojo. Mbwa alikunywa maji bila kukoma, alikojoa mara kwa mara, akakonda, na asipotibiwa alikufa. Ugonjwa huo umepewa jina la Fanconi, daktari wa Uswisi aliyeeleza ugonjwa wa namna hiyo kwa binadamu. Kwa makadirio ya wataalamu, katika kila basenji 100 wa Marekani, kati ya 10 na 30 waliugua.

Jambo moja liliongeza uzito wa tatizo. Kabla ya hapo basenji walikuwa na ugonjwa mwingine wa kurithi, wa upungufu wa damu. Katika miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha kuwatambua wanaoubeba, na wafugaji wakawazuia mbwa hao wasizae. Ugonjwa wa damu ukapungua sana. Lakini idadi ya wazazi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo, ilizidi kupungua, na walioachwa wazae walikuwamo wengi waliobeba ugonjwa wa mafigo.

Ili uelewe jinsi mnyama mzima anavyoweza kuzaa mtoto mgonjwa, fanya jaribio hili pamoja na mwenzako.

Tafuteni mikebe miwili na maharagwe manne yaliyo sawa kwa ukubwa, mawili meupe na mawili mekundu. Mkebe mmoja uwe baba, mwingine uwe mama. Katika kila mkebe tieni haragwe moja jeupe na moja jekundu. Jekundu ni chembe ya urithi yenye ugonjwa. Bila kuangalia, toa haragwe moja kutoka kila mkebe. Hayo mawili ni mtoto. Andikeni rangi zake, rudisheni maharagwe mahali pake, kisha rudieni mpaka mpate watoto 40.

Mtaona kuwa watoto kama 10 wamepata meupe mawili, kama 20 wamepata moja jeupe na moja jekundu, na kama 10 wamepata mekundu mawili. Hesabu yenu haitakuwa hiyo barabara, kwa sababu ni bahati, lakini itakaribia. Mbwa mwenye mekundu mawili ndiye atakayeugua. Mwenye moja moja ni mzima kama wazazi wake, walakini hubeba ugonjwa kwa siri. Katika ukoo mdogo, ambamo karibu kila mmoja ni jamaa wa mwenzake, wabebaji wawili hukutana mara nyingi.

Sasa ondoeni haragwe jekundu katika mkebe wa mama, mtie jeupe lingine. Rudieni mara 40. Je, mmepata mtoto mwenye mekundu mawili? Hamtapata hata mmoja.

Kurudi msituni

Haragwe jeupe lingepatikana wapi? Wafugaji kadhaa wa Marekani waliona kuwa lilikuwa kule kule basenji alikotoka. Mwaka 1987, na tena 1988, walisafiri hadi kaskazini mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walipita kijiji baada ya kijiji, wakatazama mbwa wa wawindaji, wakapewa au kununua watoto wa mbwa kutoka kwa wenyewe. Ni mbwa ambao wazazi wao hawakuandikwa katika daftari lolote, bali walikuwa wamepita katika kichujio cha msitu.

Mwaka 1990 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kilikubali kulifungua daftari lake ili mbwa hao waingizwe. Haikuwa rahisi kwa chama kama hicho, maana daftari lililofungwa ndilo fahari yake. Wageni hao walileta chembe za urithi ambazo hazikuwako Marekani. Walileta pia rangi ya milia, ambayo mwaka huo huo ilikubaliwa rasmi katika maelezo ya aina hiyo.

Kisha sayansi ya maabara ikafuata. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha kukisia ni basenji gani anayebeba ugonjwa wa mafigo, na mwaka 2011 kikatoa kipimo kinachoitambua chembe yenyewe. Siku hizi mfugaji hupeleka mate ya mbwa wake, akapata jibu. Safari hii wafugaji hawakurudia njia ya miaka ya 1970. Mbwa mzuri anayebeba ugonjwa huruhusiwa kuzaa, lakini hupandishwa na asiyebeba, kama mlivyofanya katika mkebe wa pili. Hivyo watoto hawaugui, na chembe nyingine nzuri za mbwa huyo hazipotei.

Wakati huo huo, huko Kongo, mbwa wa vijijini bado huvalishwa kengele za mti na kuingia msituni pamoja na wenye nyavu. Zinapofunguliwa barabara mpya, mbwa wa mijini nao hufika, na wakizaliana na mbwa wa msituni sifa zao huchanganyika. Kwa sababu hiyo kijiji kilicho mbali na barabara ni hazina kwa mtu anayetafuta mbwa wa asili.

Jambo la kufanya

Chagua mbwa mmoja wa nyumbani kwenu au wa jirani ambaye unamfahamu. Usimsogelee mbwa usiyemjua, kwa maana huenda ana kichaa cha mbwa. Mchunguze kwa muda wa juma moja. Andika kimo chake, umbo la masikio na mkia, na urefu wa manyoya. Kila anapobweka, andika saa na sababu unayoiona. Uliza wazee kazi aliyofugiwa, kisha jibu maswali haya.

1. Ni sifa zipi za mbwa uliyemchunguza zinazomfaa kwa kazi yake? Ni zipi zisizomfaa?
2. Basenji angefaa kulinda nyumba yenu usiku? Eleza sababu.
3. Kwa nini kengele ya mbwa wa Ituri hujazwa majani kabla ya kufika mawindoni?
4. Scott na Fuller waliwalea mbwa wa aina tano katika mazingira ya namna moja. Kama wangewalea kila aina mahali pake, wangeweza kujua kuwa ukimya wa basenji ni wa kurithi?
5. Katika jaribio la maharagwe, tieni meupe mawili katika mkebe mmoja na mekundu mawili katika mwingine. Kabla ya kutoa hata haragwe moja, taja watoto wote watakuwaje.